Bell na Bunduki Nyepesi

Hapa Garissa ukiwakuta vijana wakibishana juu ya bunduki, utasikia eti iliyo ghali ndiyo iliyo kali. Mimi nawajibu kwa habari za marehemu Walter Bell.

Alizaliwa Scotland mwaka 1880, akaja Afrika Mashariki angali kijana. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliwinda ndovu kule Karamoja, Uganda, mbali na Mto Tana wetu. Siku hizo wawindaji wenye pesa waliagiza kutoka London bunduki nzito za mitutu miwili, risasi zake nene kama kidole. Bei yake, usiseme! Bell yeye alipenda Rigby nyepesi ya mtutu mmoja, ya milimita 7. Kwa ndovu mwenye tani tano, si ni kama kumrushia kokoto?

Lakini jamaa alikuwa amepasua kichwa cha ndovu kwa msumeno, akaona ubongo umekaa wapi. Risasi nyembamba ikifika pale pale, ndovu chini. Tena bunduki nyepesi haichoshi mkono, wala haimpigi mwenyewe begani. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa hiyo ya milimita 7.

Hesabu ya bunduki aliipatia, nakubali. Ya ndovu je, nani aliilipa? Bell alifia kwao Scotland mwaka 1954. Kenya ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili hawakusikia, na bunduki zao wala hazikuwa za bei ya London. Ndovu wa huku kwetu wakapungua vibaya sana.