Marie Curie na mawe ya Shinkolobwe

Marie Curie alizaliwa pa Warszawa, ku Polonia, tarehe 7 Novemba 1867. Baba yake alikuwa mwalimu, na franka hazikuwa nyingi. Ile wakati universite ya kwao haikupokea wasichana. Akafanya kazi ya kufundisha watoto wa watu, ili dada yake asomee uganga pa Paris. Yeye mwenyewe akafika kule mu 1891.

Mu 1895 akaolewa na Pierre Curie. Walitumika mu hangari iliyovuja mvua. Mama Marie alichemsha mawe, kilo 20 kwa mara moja, akikoroga na chuma kirefu sawa vile mwiko wa bukari. Mu 1898 wakatangaza radiumu. Tani nzima za mawe, na mu 1902 walipata sehemu ya kumi ya gramu tu! Pierre akafunga radiumu kidogo ku mkono wake: ikamuacha na kidonda. Waganga wakaelewa kwamba kinachounguza ngozi kinaweza kuunguza kansa pia.

Mabibi na bwana walikataa kujichukulia haki ya kuuza uvumbuzi huo. Lakini bei ilipanda, mpaka mu 1921 wanawake wa Marekani wakamuchangia dola 100.000 juu ya gramu moja.

Hapo ndipo Katanga inaingia. Mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalivumbuliwa mu 1915, na mu 1922 kiwanda cha Olen, ku Ubelgiji, kikaanza kuyatoa radiumu. Bei ikashuka, hospitali nyingi za Ulaya zikapata. Majina ya wachimbaji wetu, mimi sijayaona mu kitabu.

Radiumu inafanana na kalsiumu: ikiingia mwilini inakimbilia mifupa. Iliozesha mataya ya wasichana wa Marekani waliopaka saa rangi, wakinyoosha burashi kwa midomo. Tabia hiyohiyo leo inasaidia: kuna radiumu 223, inayodungwa mu mshipa wa wanaume ambao kansa ya prostati imefika ku mifupa.

Kansa ikiingia mu uti wa mgongo, mara nyingi waganga wanatumia mashine inayopiga mionzi toka inje, pengine siku moja tu. Haiponyeshi. Inapunguza maumivu ili mgonjwa alale usiku, na ikiwahi inaweza kumulinda asipooze. Kwa hiyo mgonjwa wa kansa akisikia miguu inalegea, ao mkojo unakataa, asingojee kesho.

Marie mwenyewe hakupenda kukubali kwamba radiumu inamuumiza. Vidole viliungua, macho yakapasuliwa. Tarehe 4 Julai 1934 akafariki pa Sancellemoz, ku Ufaransa. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umeacha kutengeneza damu. Madaftari yake yangali yanafungiwa mu masanduku ya risasi, pa Paris.