Georg Ohm: Mwalimu Aliyepima Waya

Tuseme mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta imegoma hapa Voi: mota inatetemeka tu, haizunguki. Fundi hodari hufanyaje? Huzima stima kwanza, huchomoa waya za mota, kisha huzipima kwa mita. Koili nzima huonyesha omu chache. Iliyokatika haipitishi kitu. Basi hiyo omu ni jina la mtu!

Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka wa 1789. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Georg akawa mwalimu wa shule mjini Cologne, na huko akapima waya fupi na ndefu, nene na nyembamba. Mwaka wa 1827 akachapisha kanuni yake: ukinzani ukizidi, mkondo wa umeme hupungua. Wakubwa wakambeza. Akaacha kazi, akaishi kwa dhiki miaka kadhaa. Mwaka wa 1841 ndipo Royal Society ya London ilipomtunuku nishani ya Copley. Alifariki Munich mwaka wa 1854.

Wanafunzi wenzangu, tusikimbilie kununua mota mpya kabla ya kupima. Na tukibezwa, tusiache kazi iliyo ya kweli.