John Wallis na vitenzi « shall » na « will »

John Wallis alizaliwa mwaka 1616 huko Ashford, jimbo la Kent, Uingereza. Baba yake, mchungaji wa parokia, alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Shuleni alisoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Hesabu alikutana nazo likizo moja ya Noeli, akiwa na miaka kumi na mitano, kupitia mdogo wake. Alisoma Cambridge, akawa mchungaji, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1642 akaanza kulifumbulia Bunge barua za siri za adui. Mwaka 1649 alipewa kiti cha jiometri Oxford, akakikalia miaka 54, hadi kufa. Alama ya ∞ ni yake. Hiyo tuwaachie watu wa hesabu.

Kinachotuhusu sisi ni kitabu chake cha 1653: sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini ili wageni waielewe. Waliomtangulia walikipima Kiingereza kwa kipimo cha Kilatini. Wallis alikataa. Kwake, kitenzi cha Kiingereza kina nyakati mbili tu zenye umbo lake. Mengine yote, ambayo Kilatini huyaonyesha kwa miisho, hubebwa na vitenzi visaidizi. Kwetu tunaosoma lugha za Kiafrika, ambazo nyingi ziliandikiwa sarufi za kwanza na watu waliolelewa kwa Kilatini, hatua hiyo si ndogo.

Kisha akaweka kanuni. Katika nafsi ya kwanza, « shall » inatabiri tu, na « will » inaahidi au inatishia. Katika nafsi ya pili na ya tatu ni kinyume. « Would » na « should » nazo akazitenga: zote hutaja jambo ambalo lingekuwa, ila « would » ina utashi wa mtendaji ndani yake, na « should » haina. Tofauti hiyo inagusa moja kwa moja sentensi za masharti. Kiswahili hakiulizi habari ya utashi hapo: ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu. Kiambishi -nge- kinakaa pande zote mbili, na ndiyo maana wengi wetu tunaandika « would » mara mbili na kukatwa alama.

Wallis alikuwa akimwelekeza mgeni. Walimu wa baadaye walichukua kanuni yake wakawapimia wenyeji, na Waskoti na Waairishi wakahesabiwa kuwa hawajui kusema. Nadhani yeye pia ana sehemu ya lawama: kanuni iliyonyooka kama mlinganyo inakaribisha matumizi hayo.

Hakuwa mtu mwepesi. Aligombana na Hobbes kwa miaka mingi. Mwaka 1662 alimleta mbele ya Royal Society kijana kiziwi, Daniel Whaley, aliyekuwa amemfundisha kutamka, kazi iliyotegemea maelezo ya sauti aliyoyaambatanisha na sarufi yake. Mwanafunzi wake mwingine, Alexander Popham, alikuwa ameanzishwa na William Holder, na Holder alilalamika hadharani kwamba Wallis amejitwalia sifa yote.

Uzeeni, Leibniz alimwomba awafundishe vijana ufundi wa kufumbua barua za siri. Wallis alikataa, alimrithisha mjukuu wake, William Blencowe. Alifariki Oxford mwaka 1703.