Albert Michelson, Mpimaji wa Nuru

Miongoni mwa watu waliojitaabisha kuuchunguza ulimwengu huu, wengi walipata sifa kwa kukigundua kile walichokitafuta. Albert Abraham Michelson, ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani aliyekuwa bingwa wa elimu ya fizikia, anakumbukwa zaidi kwa jambo lililo adimu: alikitafuta kitu kwa juhudi kubwa, akakikosa, kisha akautangazia ulimwengu kwamba amekikosa. Kwa hiyo maisha yake yafaa kuangaliwa na kila mtu anayeitafuta kweli.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1852 katika mji mdogo wa Strelno, uliokuwa wakati huo chini ya ufalme wa Prussia, na ambao leo umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake, Samuel na Rosalie, walikuwa Wayahudi. Alipokuwa angali mtoto mdogo walihamia Marekani, wakapitia Panama hadi California, ambako watu wa kila taifa walikuwa wakimiminika kutafuta dhahabu. Samuel hakuwa mchimbaji. Alifungua duka katika kambi ya Murphys na kuwauzia wachimbaji mahitaji yao. Baadaye jamaa hiyo ilihamia Virginia City, katika jimbo la Nevada, penye migodi ya fedha. Watoto walikuwa wengi na mali haikuwa nyingi, lakini elimu ilithaminiwa. Albert alipelekwa shule San Francisco. Mdogo wake Miriam alikuja kuwa mwandishi wa vitabu, na mdogo wake mwingine, Charles, mwandishi mashuhuri wa magazeti.

Mwaka 1869, akiwa kijana wa miaka 16, Albert aliomba kuingia Chuo cha Jeshi la Majini kilichoko Annapolis. Nafasi ya jimbo lake akapewa kijana mwingine. Hakukata tamaa. Alifunga safari ndefu kuvuka bara zima hadi Washington, akamwendea Rais Ulysses Grant mwenyewe. Rais alikuwa na haki ya kuteua vijana 10 tu, na nafasi zote zilikuwa zimekwisha. Hata hivyo kijana huyo akaongezwa. Alihitimu mwaka 1873, akatumika baharini kwa muda, na mwaka 1875 akarudishwa chuoni kuwafundisha wanafunzi fizikia na kemia.

Mwaka 1877 alimwoa Margaret Heminway, binti wa nyumba ya kitajiri, nao wakajaliwa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Wakati huohuo ilianza kazi iliyomshughulisha mpaka kufa kwake, yaani kuipima kasi ya nuru. Kwenye ukuta wa bahari wa chuo aliweka kioo kinachozunguka kwa haraka sana, na umbali wa mita 600 hivi akaweka kioo kingine kilichotulia. Nuru ilitoka kwenye kioo cha kwanza, ikaenda hadi cha pili na kurudi; na katika muda huo mfupi mno kioo cha kwanza kilikuwa kimekwisha geuka kidogo. Kutokana na mgeuko huo aliweza kuihesabu kasi. Baba mkwe wake alimsaidia kwa dola 2,000. Mwaka 1879 alipata kilomita 299,910 kwa sekunde. Hesabu inayokubaliwa leo ni kilomita 299,792 na kitu, yaani ofisa huyo kijana alikosea kwa kiasi cha kilomita 118 tu.

Basi lilimjia swali kubwa zaidi. Wataalamu wa zama hizo waliamini kwamba, kama sauti inavyopita katika hewa, nuru nayo lazima ipite katika kitu fulani kisichoonekana kilichojaa pote, nao wakakiita etha. Ikiwa ni hivyo, dunia inayolizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde lazima ikutane na upepo wa etha. Tuchukue mfano wa mashua mbili zenye nguvu sawa katika mto: moja yavuka kwenda ng'ambo na kurudi, nyingine yaenda umbali uleule kufuata mkondo na kurudi. Hazitafika pamoja. Vivyo hivyo Michelson aliugawa mwali mmoja wa nuru katika miali miwili, akaipeleka njia mbili zinazopindana kama pembe ya mraba, kisha akaikutanisha tena. Miali inapokutana hufanya michirizi myeupe na myeusi. Kama mmoja umechelewa, michirizi huhama.

Jaribio la kwanza alilifanya Ujerumani mwaka 1881. Mtikisiko wa magari ya Berlin ulimlazimisha kuhamia Potsdam palipo na utulivu. Hakuuona upepo wowote. Wataalamu wenzake walimwonyesha kosa katika hesabu zake, naye akalikubali. Mwaka huohuo aliacha utumishi wa jeshi, kisha akawa mwalimu wa chuo huko Cleveland, ambako alishirikiana na Edward Morley, bingwa wa kemia. Mwaka 1885 alilemewa na kazi hata akaugua akili, ikabidi aende New York kutibiwa, na Morley akaiendeleza kazi yao. Alipona akarudi.

Mnamo Julai 1887 walikuwa tayari. Vioo vyao viliwekwa juu ya jiwe zito la mraba, lenye upana wa mita moja na nusu hivi, likielea juu ya zebaki ili lizunguke bila kutikisika. Walitazamia michirizi ihame kwa sehemu 4 katika 10 za upana wa mchirizi mmoja. Walichokiona hakikufika hata sehemu 1 katika 20 za matazamio hayo. Kwa jicho la mwanadamu, kazi ya miaka ilikuwa imepotea. Wangeweza kunyamaza, au kuzivuta hesabu zifuate matakwa yao. Hawakufanya hivyo, walichapisha matokeo kama yalivyokuwa. Mwaka 1905 Albert Einstein alipoeleza kwamba etha haihitajiki, jaribio lile la Cleveland likaja kuhesabiwa miongoni mwa ushahidi mkubwa wa mafundisho hayo mapya. La ajabu ni kwamba Michelson mwenyewe hakuweza kuiaga etha kwa moyo wote mpaka uzeeni. Lakini penzi lake hilo hakuliruhusu ligeuze hata tarakimu moja.

Heshima zilimfuata. Tangu mwaka 1892 aliongoza idara ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel, Mmarekani wa kwanza kuipata katika sayansi. Lakini nyumbani mambo yalikuwa mazito. Ndoa yake na Margaret, baada ya miaka ishirini na zaidi, ilivunjika mwaka 1898. Mwaka uliofuata alimwoa Edna Stanton, wakazaa mabinti watatu. Mtu aliyeweza kuupima mwali wa nuru hakuweza kuihifadhi nyumba yake ya kwanza. Hili nalo ni funzo kwa wenye elimu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia Marekani, Michelson, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, alivaa tena sare ya Jeshi la Majini, akalitengenezea chombo cha kupimia umbali. Mwaka 1920, huko Mount Wilson, vyombo vyake vilitumika kuupima upana wa nyota ya Betelgeuse. Mwaka 1929 alistaafu Chicago akahamia Pasadena, lakini hakupumzika. Alikuwa akiipima tena kasi ya nuru ndani ya bomba refu lililotolewa hewa, alipofariki tarehe 9 Mei 1931. Wenzake waliimaliza kazi hiyo. Binti yake mdogo, Dorothy, aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1973.

Ndugu msomaji, kuitafuta kweli ni rahisi maadamu yakubaliana na tunayoyapenda. Mtafutaji wa kweli hujulikana siku ile jibu linapokuja kinyume cha matumaini yake. Michelson alijaribiwa siku hiyo, na aliyoyaona akayaandika.