Maria Montessori na sahani za San Lorenzo

Ramadhani iliyopita nilimwita binti yangu mdogo, yuko PP2, anisaidie kupanga vikombe vya futari. Tulikuwa watu saba mkekani. Mtoto huyu huhesabu mpaka mia bila kuvuta pumzi, tena kwa wimbo. Alileta vikombe vinne, nilipomwambia havitoshi akaleta vyote vilivyokuwa kabatini. Hesabu anayo kwenye daftari moja, mazingira anayo kwenye daftari jingine. Bibi yake na kikombe chake hawamo katika daftari lolote.

Ndipo nikamkumbuka Maria Montessori. Jina lake tunalisoma kwenye vibao vya shule za chekechea zenye karo ya kutisha, na wachache hujua kwamba kazi iliyomtangaza duniani aliifanya kwa watoto wa maskini.

Alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Mwaka 1896 alihitimu udaktari mjini Roma, zama ambazo mwanamke katika darasa la udaktari alikuwa kioja. Akapelekwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Aliwafundisha kwa kuwapa vitu vya kushika, na baadhi yao wakafaulu mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida. Watu walimpongeza. Yeye alishughulishwa na jambo jingine: wale watoto wazima shule zao zinawafanya nini, hata wawe sawa na hawa?

Jibu alilitafuta mtaa wa San Lorenzo, Roma, alikofungua Nyumba ya Watoto tarehe 6 Januari 1907. Wazazi walikuwa vibaruani mchana kutwa, na watoto wasiofikia umri wa shule walibaki wakizurura ngazini na kuchafua kuta. Wenye majumba walitaka kuta zao zisalimike. Ndiyo sababu yenyewe, tusiipambe. Walikusanywa watoto kama hamsini, wakapewa mwanamke ambaye hakusomea ualimu.

Hapo Montessori hakutenga saa ya hesabu na saa ya kujifunza kuishi na watu. Watoto walifagia, walinawishana, walimwagilia mimea, na mchana walitandika meza wenyewe. Mtoto wa miaka minne alibeba bakuli la supu ya moto akipita kati ya wenzake, wala hakuna aliyemkimbilia kumpokonya. Anayetandika lazima ajue wameketi wangapi. Akikosea, mwenzake anakaa bila sahani, na kosa linaonekana bila kalamu nyekundu ya mwalimu.

Kuhesabu alikuanza kwa sarafu ndogo ndogo na kutoa chenji, kwa sababu pesa ndiyo hesabu ambayo mtoto wa maskini huiona nyumbani kila siku. (Watoto wetu tunaowatuma dukani kununua sukari wangemwelewa upesi.) Kisha zikaja fimbo kumi, fupi kabisa ya sentimita 10 na ndefu ya mita moja, zimepakwa vipande vyekundu na vya buluu, ili mtoto aione tano kwa macho na aibebe kwa mikono miwili. Tarakimu zilikatwa kwa msasa, kidole kikapita juu yake. Sifuri aliifundisha kwa mchezo: anamwita mtoto aje kwake mara sifuri. Mgeni wa mchezo hukimbia mbio kumwendea. Aliyeelewa hubaki kitini akicheka.

Maisha yake mwenyewe hayakunyooka hivyo. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, na daktari mwenzake ambaye hawakuoana. Kumtangaza kungemfungia kazi, basi mtoto akapelekwa kulelewa shamba. Mama aliyefundisha dunia kulea hakumlea wake. Sisemi haya kumfedhehesha marehemu, ila msimuliaji anayelificha hili anatupa nusu ya mtu. Mario alirudi kwake akiwa kijana, mama yake Maria alipokwisha kufariki, na kwa miaka mingi watu waliambiwa ni mpwa wake.

Mussolini alimkumbatia kwanza, akitaka sifa. Wakafarakana, na mwaka 1934 shule zake Italia zikafungwa. Mwaka 1939 akaenda India na Mario kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimzuilia Mario kama raia wa adui. Walimwachilia Agosti, mama alipotimiza miaka 70. Walibaki huko hadi 1946.

Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952, akazikwa huko huko. Kazi yote ilibaki mikononi mwa Mario, akaiendesha mpaka alipofariki mwaka 1982.