Henry Royce: Makanika Aliyekataa Kasoro
Makanika wa Migori au Homa Bay huanza kwa kutega sikio, kwani gari bovu hujisema. Henry Royce alikuwa wa jadi iyo hiyo. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1863, akafiwa na babaye angali mtoto, akauza magazeti. Uanagenzi wake katika karakana ya reli ulikatika fedha zilipokwisha. Baadaye alinunua gari kuukuu la Kifaransa, Decauville. Kelele na mtetemo wake vilimkera. Akalifungua, akakichunguza kila kipuri, na mwaka wa 1904 akaunda lake. Ndiyo asili ya Rolls-Royce. Mwaka wa 1930 alitunukiwa cheo cha heshima. Hata hivyo, hadi kufariki mwaka wa 1933, alijivunia umakanika.