Tarzan Brown, mwashi aliyekipa kilima cha Boston jina lake

Wakimbiaji wetu wa Afrika Mashariki wanakijua vizuri kilima cha Newton, nje kidogo ya jiji la Boston, Marekani. Mwaka 1988 Mkenya Ibrahim Hussein na Mtanzania Juma Ikangaa walikipanda na kukiacha nyuma, kisha Hussein akamshinda jirani yake kwa sekunde moja tu na kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa Boston.

Kilima hicho huitwa Heartbreak Hill, yaani Kilima cha Kuvunja Moyo. Jina hilo lilitokana na mbio za mwaka 1936, na aliyelisababisha alikuwa kijana maskini, mwashi wa mawe, aliyeitwa Ellison Brown. Watu walimzoea kwa jina la Tarzan.

Brown alizaliwa katika jimbo la Rhode Island, kwenye kabila la Narragansett, wenyeji wa nchi hiyo tangu kabla Wazungu hawajatia mguu. Katika miaka ya 1880 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba kabila hilo halipo tena, na ardhi yake ikauzwa. Kwa hiyo Brown alikulia kwao huku karatasi za serikali zikisema kabila lake limekwisha. Anayefanya biashara mpakani anajua uzito wa karatasi inayokukana nawe umesimama hapo hapo.

Mwaka 1935 alikwenda Boston siku chache tu baada ya kumzika mama yake. Viatu vyake vilikuwa vibovu, vikamfia njiani. Alivivua, akavitupa, akamaliza kilomita za mwisho pekupeku na kushika nafasi ya 13. Bingwa wa mwaka huo alikuwa John Kelley, kipenzi cha watu wa Boston.

Mbio hizo ni za kilomita 42, kutoka mji mdogo wa Hopkinton hadi katikati ya Boston. Sehemu kubwa ya mwanzo ni mteremko. Mkimbiaji anajiona ana mbawa, anaongeza mwendo, kumbe kila hatua inamponda mapaja. Kisha, akiwa amevuka kilomita 25, inaanza milima minne ya Newton, na huo wa mwisho unamngoja baada ya kilomita 32.

Ukiupima, si mlima wa kutisha. Unapanda mita 27 hivi katika mwendo usiofika kilomita moja. Ubaya wake ni mahali ulipo. Hapo sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli imekaribia kwisha na miguu imeshapigwa na mteremko. Madereva wa malori wanaopandisha Kitonga wanaelewa: injini iliyokamuliwa sana kwenye tambarare huchemkia mlimani.

Tarehe 20 Aprili 1936 Brown aliondoka kwa kasi iliyowashangaza wote. Aliwaacha wenzake mbali, na wengi waliamini angeanguka kabla ya Boston. Kelley, bingwa mtetezi, hakukubali kuachwa. Alianza kulila pengo lile kidogo kidogo, kilima baada ya kilima, hadi akamfikia Brown kwenye mwinuko wa mwisho.

Alipokuwa akimpita, Kelley alimgusa begani, kama mtu anayempa pole mwenzake na kumwambia kwamba kazi sasa imepata mwenyewe. Brown aliyeonekana amekwisha akawaka upya. Alichomoka, akarudi mbele, akapotea kuelekea mjini.

Kelley hakuwa na cha kujibu. Mtaji wake wote alikuwa ameumaliza katika kumfikia mwenzake, na kilima kilikuwa bado hakijaisha. Alipitwa na wengine watatu, akamaliza wa tano. Brown, naye akiwa hoi, alishinda kwa saa 2, dakika 33 na sekunde 40. Mwandishi wa michezo wa gazeti la Boston Globe, Jerry Nason, aliandika kwamba mahali pale ndipo moyo wa Kelley ulipovunjika. Jina likaganda.

Ushindi huo haukumjaza Brown mfukoni. Mbio za Boston hazikutoa zawadi ya fedha hadi mwaka 1986. Mwaka huo huo wa 1936 alipelekwa kwenye Olimpiki ya Berlin, lakini maumivu yakamtoa njiani. Aliporudi kwao, mwezi Oktoba alishinda marathoni mbili katika siku mbili mfululizo. Mwaka 1939 alitwaa tena ubingwa wa Boston kwa saa 2, dakika 28 na sekunde 51, rekodi mpya ya njia hiyo. Olimpiki ya mwaka 1940, ambayo huenda ingemtangaza dunia nzima, ilifutwa kwa sababu ya vita.

Basi akabaki na mawe yake. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha, na kazi za uashi zilikuwa za kubahatisha. Bingwa mara mbili wa Boston aliishi na kuzeeka katika umaskini. Agosti 1975 aligongwa na gari nje ya baa huko Rhode Island, akafariki dunia. Serikali kuu ya Marekani ililitambua rasmi kabila la Narragansett mwaka 1983. Brown alikuwa amelala kaburini miaka minane.

Kelley hakukata tamaa. Alishinda tena mwaka 1945, na katika maisha yake alimaliza mbio za Boston mara 58. Leo sanamu yake imesimama Newton, kando ya njia, kabla wakimbiaji hawajaukabili mwinuko wa mwisho. Ya Brown haipo hapo. Lakini kila Aprili, maelfu wanapokivuka kilima hicho, wanakiita kwa jina alilokiachia yeye.